Mapigo ya mwanangu yalishuka hadi 76 alipopewa nusukaputi. Nimrudishe tena?

Daktari, shikamoo.

Mwanangu ana miezi 14. Alipokuwa na miezi 11 alifanyiwa upasuaji wa ngiri upande wa kulia, na wiki tatu zijazo anatakiwa arudi kwa ajili ya korodani ya kushoto ambayo haijashuka. Tangu tupewe tarehe, sina usingizi.

Siku ile ya ngiri niliruhusiwa kuingia naye mpaka alale. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu saa tatu usiku, na zamu yake ilifika saa nne asubuhi, kwa hiyo alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Wakamwekea maski usoni, wakaniambia ni halotheni. Namba ya kijani kwenye monita ilisoma 158. Akarusharusha miguu, akalegea. Nikambusu, nikaambiwa nitoke. Nimefika mlangoni nasikia ule mlio wa mashine, uliokuwa tii-tii-tii-tii, umeanza kujivuta: tii… tii… Nikageuka. Namba ya kijani ilikuwa 76. Mmoja alikuwa ameinama anatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto, mwingine akasema, "Haya, umepatikana, choma." Mlango ukafungwa.

Baadaye mtaalamu wa usingizi alinieleza kwa upole kwamba gesi ilishusha mapigo na presha, wakampa dawa, vikarudi, na upasuaji ukaenda vizuri. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika presha ya chini kabisa ilikuwa 61 kwa 30. Alipoamka mashavu yalikuwa mekundu, mwili una joto, na moyo unakimbia 170. Jioni akanyonya, kesho yake akatambaa kama kawaida, na sasa anatembea.

Mama mkwe anasema mtoto ana moyo mdogo na kumlaza tena ni kumchimbia kaburi. Mume wangu mbele ya mama yake yuko kimya, lakini tukibaki wawili ananiambia tuache tu, korodani haijawahi kumuua mtu. Mimi niko katikati. Je, moyo wake uliumia siku ile? Na ubongo? Nikatae gesi niombe alazwe kwa sindano? Au nidai gesi nyingine?

Mama Asiyelala

* * *

Marahaba, Mama Asiyelala.

Nianze na ule mlio, maana umenieleza mengi kuliko namba. Mashine zetu nyingi za kupima oksijeni kidoleni hutoa mlio unaofuata vitu viwili. Kasi yake ni mapigo ya moyo, na wembamba wake ni oksijeni. Oksijeni ikishuka, mlio unakuwa mzito, ngazi kwa ngazi, kama sauti ya mtu anayeteremka kisimani. Ndiyo maana yule uliyemwona ameinama juu ya mkono wa mtoto hakuhitaji kutazama monita. Macho yalikuwa kwenye mshipa, masikio yalikuwa kwenye mlio.

Umeandika kwamba mlio ulijivuta. Hukuandika kwamba ulikuwa mzito. Hilo ni jambo kubwa. Mtoto mdogo akishuka mapigo kwenye chumba cha upasuaji, kitu cha kwanza tunachokitafuta ni hewa: koo limejifunga, ulimi umeziba njia, maski imekaa vibaya. Hapo oksijeni inaanguka kwanza, moyo unafuata. Kama mlio ulibaki mwembamba na kilichopungua ni mwendo tu, basi hewa ilikuwa inapita, na mshukiwa ni gesi yenyewe. Usilichukue hili kama hukumu, mimi sikuwepo. Jibu kamili liko kwenye chati ya usingizi, ile karatasi yenye vimistari na vidoti vya kila dakika chache. Una haki ya kuomba nakala yake. Iombe wiki hii, usingoje siku ya upasuaji.

Sasa moyo wenyewe. Mama mkwe wako amepita karibu sana na ukweli bila kujua. Moyo wa mtoto ni mdogo kweli, wa kila mtoto, na udogo huo ndio unaofanya gesi za usingizi zimguse tofauti na mtu mzima. Chukua mtu anayejaza pipa kwa kuchota maji. Mtu mzima ana ndoo. Safari zikipungua anaweza kujaza ndoo zaidi, pipa likapata maji yale yale. Mtoto mchanga ana kikombe, na kikombe hakiongezeki. Misuli ya moyo wake bado ni migumu kutanuka, nyuzi zake za kukaza ni chache, na ghala la ndani la kalsiamu, ambayo ndiyo huamuru msuli ukaze, halijakomaa, kwa hiyo anategemea sana kalsiamu inayotoka nje ya chembe. Njia yake ya kujaza pipa ni moja: safari nyingi, haraka haraka. Ukimpunguzia safari, maji yamepungua. Kwa hiyo mapigo 76 kwangu mimi mtu mzima ni mapumziko mazuri ya jioni, na kwa mtoto wa miezi 11 ni sababu ya kunyoosha mkono kuchukua sindano.

Halotheni inaigusa ile kalsiamu moja kwa moja. Inalegeza mkazo wa moyo, inapunguza mwendo wake, na inalaza ule mwitikio wa mwili ambao kwa kawaida ungesema "presha imeshuka, kimbia." Mambo matatu kwa wakati mmoja. Lakini usiichukie bado. Ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956, huko Manchester, iliwakomboa watoto kutoka kwa etha, ambayo ilinuka, ilikaba koo na ingeweza kuwaka moto. Halotheni haichomi pua, mtoto anaivuta bila kukohoa, na kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa gesi ya watoto karibu kila mahali. Nimeitumia mimi mwenyewe. Inataka mkono wa polepole na jicho lisilobanduka.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huwa hawaambiwi. Mtoto mdogo anahitaji gesi nyingi zaidi kuliko mtu mzima ili alale. Kwa sevofluraini, kwa mfano, mtoto mchanga anahitaji karibu asilimia 3.3 ya hewa anayovuta, mtoto mkubwa kidogo karibu 2.5, na mtu mzima karibu 2. Tena mtoto anapumua hewa nyingi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo gesi inafika kwenye moyo upesi. Na anayelia anaivuta kwa pupa, pumzi kubwa kubwa. Yaani yule ambaye moyo wake unastahimili kidogo ndiye anayehitaji dozi kubwa, na anaipata haraka. Nafasi kati ya dozi ya kumlaza na dozi ya kumwelemea ni nyembamba. Kazi yetu kubwa katika dakika tano za mwanzo ni kurudisha nyuma kile kirungu cha gesi mara tu mtoto anapolegea, kabla moyo haujalalamika. Wakati mwingine moyo unatutangulia.

Tuje kwenye namba zako. Ile 158 ilikuwa ya mtoto anayelia kwa njaa, usiifanye kipimo cha kawaida yake. Mtoto wa umri ule akilala tu kitandani kwake mapigo yanaweza kuwa 90 na kitu. Kwa hiyo alianguka kutoka kwenye kelele, akapita kwenye usingizi, akaenda chini kidogo ya hapo. Presha 61 ya juu pia ni ndogo. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na mwaka 1 akiletwa wodini yuko macho na presha yake ya juu iko chini ya 70, tunashtuka. Akiwa amelala kwa gesi tunategemea ishuke kiasi, hata kwa moja ya tano ya ile ya awali, kwa sababu gesi hizi hulegeza mishipa pia. Lakini 76 na 61 kwa pamoja si vitu vya kuviangalia ukavikunjia mikono. Hawakuvikunjia mikono.

Walichompa, kwa dalili ulizoandika, bila shaka ni atropini. Moyo una neva inayoushika breki, inaitwa vagasi, na kwa watoto wadogo breki hiyo imekomaa mapema kuliko ile sehemu ya kukanyaga mafuta. Atropini inaachia breki. Moyo unaruka juu, 160, 170. Mashavu yanaiva, ngozi inakauka, jasho linasita na mwili unapata joto, mdomo unakuwa mkavu. Mtoto aliyetoka chumba cha upasuaji akiwa mwekundu na moyo unakimbia huwatisha sana wazazi, wanadhani ni homa au moyo umeharibika, kumbe ni dawa ile ile iliyomsaidia bado inafanya kazi. Inaisha ndani ya saa chache, kama ilivyoisha kwake jioni ile.

Nimeacha kwa makusudi sehemu inayoniuma zaidi katika barua yako, maana ndiyo tunayoweza kuirekebisha. Saa tatu usiku hadi saa nne asubuhi. Saa 13 bila hata tone la maji kwa mtoto wa miezi 11! Nani aliwaambia hivyo sijui, na inawezekana hakuna aliyewaambia, mlikaa tu mkingoja zamu inayosogezwa mbele. Mtoto aliyekaukiwa ana damu pungufu kwenye mishipa. Gesi inapoilegeza mishipa hiyo, presha haina kitu cha kuishikilia. Na mishipa yenyewe imenywea, ndiyo maana walikuwa wanaitafuta mkononi huku namba zinashuka, na dawa haikuweza kuingia mpaka mshipa upatikane. Sisemi njaa peke yake ilimshusha. Nasema ilimfikisha mezani akiwa hana akiba.

Kipimo cha kufunga kwa mtoto kinajulikana: chakula na maziwa ya kopo, saa 6 kabla, maziwa ya mama, saa 4, maji matupu, saa 2, na hospitali nyingi siku hizi zinaruhusu hadi saa 1. Mtoto asifunge chini ya hapo, kwa sababu akitapika amelala hewa itaziba. Na asifunge kupita hapo bila sababu. Omba awe wa kwanza kwenye orodha. Ikifika asubuhi mkaambiwa zamu imesogezwa, usione haya kumwendea muuguzi: "Sasa ni saa ngapi atalala? Naweza kumpa maji?" Swali hilo moja lina thamani kuliko mabishano yote mliyonayo nyumbani kuhusu gesi.

Moyo uliumia? Gesi hizi haziachi kovu. Zinaingia kwa pumzi na zinatoka kwa pumzi, na zikishapungua kwenye damu msuli unarudi kukaza kama zamani. Mtoto anayenyonya bila kuchoka, haendi bluu mdomoni, anaongeza uzito, ametambaa na sasa anatembea, anakuonyesha moyo wake kila siku bora kuliko ninavyoweza mimi kwa barua. Kama kuna daktari aliyewahi kusikia mvumo kifuani mwake, hilo liseme. Mivumo mingi ya watoto haina madhara, lakini tunapenda kujua ni ya aina gani kabla ya kushika maski.

Na ubongo. Kuna utafiti mmoja nitakutajia kwa sababu upasuaji wake unafanana na ule wa mwanao, ingawa watoto wenyewe walikuwa wadogo kuliko yeye. Watoto wachanga zaidi ya 700 wa nchi 7, wote wa upasuaji wa ngiri, waligawanywa kwa kura. Nusu walilazwa kwa sevofluraini, nusu walichomwa ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Waliolala kwa gesi presha zao zilishuka mara nyingi zaidi, jambo ambalo sasa hivi halikushangazi. Walipofikisha miaka 5 wakapimwa akili, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Wengi wao walikuwa wamelala kwa muda usiozidi saa 1 hivi, kwa hiyo hatuwezi kusema hivyo hivyo kwa upasuaji wa nusu siku. Ngiri na korodani si wa nusu siku.

Sindano badala ya gesi? Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, inashusha presha nayo, na kwa wadogo inaweza kupunguza mapigo vile vile. Ketamini huwa inashikilia presha, lakini inaleta mate mengi na kuamka kwa kuweweseka, na haimfanyi mtu yeyote aache kuangalia monita. Tena sindano inataka mshipa mtoto akiwa macho anakutazama. Sikatai, kuna watoto ambao sindano ndiyo sahihi. Ila ukienda kuidai kwa kuikimbia presha, utakuwa umebadilisha njia ya kufika pale pale.

Gesi nyingine ni hoja yenye uzito zaidi. Sevofluraini, iliyoanza kutumika kwa wingi Japani mwaka 1990 na kuruhusiwa Marekani mwaka 1995, nayo haichomi pua, na moyo wa mtoto unaivumilia vizuri zaidi. Mapigo yanabaki pale pale au yanapanda, mkazo wa moyo haulegei sana, presha inashuka hasa kwa kulegea kwa mishipa. Marekani kulikuwa na rejesta iliyofunguliwa mwaka 1994 ya watoto ambao moyo ulisimama wakati wa nusukaputi. Ni tukio la nadra. Ripoti ya kwanza ilikadiria 1.4 katika kila watoto 10,000, na zaidi ya nusu ya waliopatwa walikuwa chini ya mwaka 1. Miaka ile ya halotheni, matukio yaliyotokana na dawa yalikuwa asilimia 37 ya yote yaliyosababishwa na usingizi. Katika miaka ya 1998 hadi 2004, sevofluraini ikiwa imeshika nafasi, yakawa 18. Kwa hiyo uliza: "Mna sevofluraini?" Wakiwa nayo, mwombe mtaalamu aitumie. Atakubali kwa furaha, hakuna anayependa mapigo 76. Ujue tu kwamba watoto wengi huamka nayo wamechachamaa, wanalia na kurusha mikono bila kumtambua hata mama, kwa dakika kadhaa, halafu wanatulia. Isofluraini na desfluraini zinakera koo, si za kumlazia mtoto kwa maski.

Na wakisema hawana, ni halotheni tu? Basi usiondoke na mtoto. Halotheni iliyopandishwa polepole na kushushwa mapema, mtoto asiyekaukiwa, atropini ikiwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano pembeni au imetolewa mapema, na mtu aliyeambiwa kilichotokea mara ya kwanza, ni siku tofauti kabisa na ile uliyoiona.

Hilo la kuambiwa ndilo lako. Usitegemee faili. Mfikie atakayeshika maski, mwambie kwa kinywa chako: miezi 11, halotheni, mapigo 76, presha 61 kwa 30, alipewa dawa akarudi, alikuwa amefunga saa 13. Mweleze na ya ukoo, pande zote mbili, hapo utamhitaji mama mkwe. Kuna ndugu aliyewahi kupandwa na joto kali au kukakamaa mwili akiwa kwenye nusukaputi? Aliyekufa ghafla kijana, au anayezimia zimia? Mtoto wa kiume mwenye udhaifu wa misuli, aliyechelewa kutembea? Yapo magonjwa machache ya kurithi ambayo yanabadilisha kabisa uchaguzi wetu wa gesi, na huwa yanajulikana na bibi kabla hayajajulikana na daktari. Ndiyo maana ningekushauri umchukue mama mkwe wako mwende naye kwenye kliniki ya usingizi kabla ya siku yenyewe. Muulizeni mtaalamu pamoja. Akimsikia yeye akisema "mtoto ana moyo mdogo," hatacheka, atamuuliza anamaanisha nini.

Kwa baba mtoto: ni kweli korodani haitamuua leo. Lakini inashauriwa ishushwe kabla ya miezi 18, kwa sababu ikikaa juu kwenye joto la mwili inaharibika uwezo wake wa baadaye, na hatari ya saratani ukubwani inaongezeka. Mwanao ana 14. Kuahirisha wiki mbili kwa mafua yenye kikohozi au homa ni sawa, na akiamka hivyo asubuhi ile pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani. Kuahirisha kwa sababu ya 76 ya siku ile, mimi nisingeahirisha.

Umesema jioni ile alinyonya. Kama bado ananyonya, ziwa la mwisho lihesabie saa 4. Kama umeshaanza kumchanganyia na ya kopo, hesabu 6, na mwambie dada anayekusaidia kumlea pia, asije akamwonea huruma alfajiri.